Kitako cha Kopo na Nyongeza Yake

Wasikilizaji watukufu, nyinyi mlio Arua mjini na mlio Maracha, Koboko na Yumbe, na nyinyi jirani zetu wa Aru na Kaya ambao mawimbi ya redio huwafikia ng'ambo ya mpaka bila ya kuonyesha pasi wala kulipa ushuru, maneno yangu ya jioni ya leo nimeyachukua sokoni, wala si katika kitabu, ijapokuwa kitabu kimoja viwili vitapita mbele yetu kabla hatujaagana.

Apitaye katika soko kuu la Arua asubuhi, akawapita wauza dagaa na wauza muhogo mkavu, hata akafika walipo akina mama wauzao ufuta, ambao sisi huku twauita simsim, ataona kwamba biashara yao haiishi kopo linapojaa. Mama huchota ufuta, akaurundika juu ya ukingo wa kopo hata ukafanya kichuguu, akaumimina mfukoni mwa mnunuzi. Kisha, noti ikiwa bado mkononi mwa mwenyewe, hutia mkono guniani akatwaa konzi moja zaidi akaiongeza. Konzi ile ina jina, nalo ni nyongeza, neno lililosafiri kutoka pwani hata likaingia katika lugha ya Waganda na kukaa humo kama mwenyeji. Nyongeza haimo katika bei. Hapana hakimu wa kumshitakia mama asiyeitoa, wala hapana karani wa kuiandika. Walakini mama asiyeitoa hujulikana soko zima, na yule aitoaye, ukimuuliza sababu, atakuambia kwamba huitoa kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya baraka, au ili urudi tena kesho, na mara nyingi atazitaja sababu zote tatu kwa pumzi moja bila ya kuona kwamba zagombana.

Lakini liko na kopo la namna ya pili. Kwa macho ni sawasawa na lile la kwanza, ila kitako chake kimegongwa kwa nyundo kutoka nje hata kikabenuka kuingia ndani, na kwa hivyo kila lijazwapo hupunguka kiasi cha konzi moja au zaidi; na mwenye kopo hilo, kwa ajabu ya maumbile ya binadamu, aghalabu ndiye mwepesi kuliko wote wa kutoa nyongeza, tena huitoa kwa sauti, kwa kicheko na kwa dua. Mnunuzi huondoka akimshukuru kwa kurudishiwa kilicho chake. Mimi nilinunua miaka mingi kwa kopo la namna hiyo, kwa mtu niliyempenda, na siku nilipolipindua nikakiona kitako chake, aliyeona haya alikuwa ni mimi.

Kijana mmoja wa chuo alinisimamisha hivi karibuni huko Oli, hapa hapa Arua, baada ya sala ya adhuhuri, akaniuliza kama dini inao mfumo wake wa uchumi, wa tatu, usiokuwa ubepari wala ukomunisti. Na kwa kuwa yeye alikuwa na haraka nami nilikuwa na njaa, nilimjibu vibaya. Nilimwambia ndiyo, unao, nikamtajia majina matano ya Kiarabu, naye akayaandika. Basi yeye, ikiwa anasikiliza, na ayafute, au ayaweke kando kidogo, nimjibu upya.

Ubepari hutuambia tusitazame ila kopo: bei imekubaliwa, kopo limejaa, mkataba umetimia, na konzi ya juu ni hiari ya mwenye mali, akitaka atoe na asipotaka asilaumiwe. Ukomunisti hutuambia kwamba, maadamu kila kopo la mwenye mali lina kitako kilichobenuka, dawa ni kuyakusanya makopo yote na magunia yote yakawekwa katika ghala moja la serikali, kisha ufuta ukagawiwa kwa orodha. Wa kwanza umemsahau yule aliyekuja sokoni bila ya noti. Wa pili umesahau kwamba mlinda ghala naye ana nyundo.

Sisi watu wa West Nile hatukuyasoma mambo haya, tuliyapata mwilini. Ardhi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Leopold, mfalme wa Wabelgiji, hata alipofariki mwaka 1909; baadaye ikawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda na boma la Arua likasimamishwa. Kodi ilipowekwa ilitakiwa kwa fedha, na fedha haikuwapo. Basi vijana wakashika njia ya kusini kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, na wengine wakatiwa katika KAR, jeshi la Waingereza, ambako walijifunza Kiswahili hiki ninachokisema. Ubepari, kwa hivyo, haukutujia kwa uzuri wa bidhaa zake bali kwa risiti ya kodi. Baadaye ikaja tumbaku, ambayo mkulima wake hukopeshwa mbegu na dawa mwanzo wa msimu, kisha siku ya kupima hukatwa deni kabla ya kuiona noti; na juu ya mizani ile kila mkulima wa Maracha na Terego ana hadithi yake, nami sitaitia yangu.

Kisha zikaja dawa, moja baada ya moja, na kila moja na mganga wake. Desemba 1969 chama cha UPC kilipitisha Hati ya Mtu wa Kawaida, na tarehe 1 Mei 1970 Rais Obote akatangaza katika uwanja wa Nakivubo kwamba serikali itatwaa hisa 60 katika kila 100 za makampuni makubwa zaidi ya 80. Dawa ile haikupata hata kuiva, kwani tarehe 25 Januari 1971 jeshi lilimpindua.

Huyo aliyekuja baada yake, Idi Amin, Mkakwa ambaye Koboko humhesabu kuwa ni mtu wake, ni vigumu hata leo kumtaja hapa bila ya sauti kushuka, maana wako miongoni mwenu wenye jamaa waliokula naye, na wako wenye jamaa waliouawa kwa ajili yake, na wako wenye jamaa wa namna zote mbili chini ya paa moja. Sina nia ya kumhukumu usiku huu. Amekwisha kwenda kwa Hakimu mwingine. Lakini mwezi wa Agosti 1972 alipotangaza jambo aliloliita vita vya uchumi, akawapa Wahindi siku 90 za kutoka katika nchi, aliyafanya hayo akiwa Mwislamu na jina la Mungu likiwa mdomoni mwake, na kwa sababu hiyo jambo hilo latuhusu sisi tupendao kusema habari za uchumi wenye dini kuliko linavyowahusu wengine.

Maduka yaligawiwa maaskari na marafiki zao, na watu wakawaita mafuta mingi. Hadithi zao zajulikana Uganda nzima: mwenye duka mpya, asiyejua bei, humuuliza mnunuzi, je, Mhindi alikuwa akikuuzia kiasi gani? Mwingine, husemwa, aliuza mashati kwa kuisoma namba ya ukosi akidhani kuwa ndiyo bei, ingawa hii naidhania kuwa ni mzaha wa waliokosa duka. Watu wamebishana miaka mingi kama jambo lile lilikuwa ubepari wa Waafrika au ujamaa wa maaskari. Kwa rai yangu halikuwa moja katika hayo. Lilikuwa ghanima, yaani mali ya vitani, na mwenyewe alilitaja kwa jina lake alipoliita vita. Sasa, ghanima katika sheria ya Kiislamu si ngawira ya kila mwenye bunduki: yataka kwanza pawe na vita vya haki na adui mwenye silaha, na muuza khanga wa mjini Arua, na mkewe, na watoto wake waliozaliwa hapa, hawakuwa jeshi, na hata pale inapokuwa halali, khumsi yake, sehemu moja katika tano, hutengwa kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, na jamaa wa Mtume, na mayatima, na maskini, na msafiri aliyekatikiwa na njia. Ni yatima gani wa Koboko aliyepewa khumsi ya maduka ya mwaka 1972? Nyongeza ilikuwa kubwa kupita zote zilizopata kuonekana, duka zima pamoja na shubaka zake, lakini kitako cha kopo kilikuwa kimetobolewa kabisa. Na miaka michache baadaye sukari na sabuni zikawa vitu vya magendo, ambalo nalo ni neno la lugha yetu lililoingia Uganda likakaa. Mtu atakaye kuandika tarikhi ya uchumi wa nchi hii kwa maneno mawili ya Kiswahili, nyongeza na magendo yatamtosha.

Katika miaka ile ile Kanali Muammar Gaddafi wa Libya, aliyekuwa rafiki wa Amin tangu 1972, alianza kutangaza nadharia aliyoiita ya tatu ya ulimwengu, njia isiyokuwa ya mabepari wala ya wakomunisti, yenye kusimama juu ya dini na utaifa. Sehemu ya kwanza ya Kitabu chake cha Kijani ilitoka mwaka 1975, na ile ya uchumi iliyofuata ikasema kwamba wafanya kazi wawe washirika badala ya watu wa ujira. Maneno hayo hayakuwa mabaya. Ushirika ndio asili ya mudharaba, mkataba wa mwenye mali na mwenye jasho kugawana faida, na ndio aliosafiri nao Mtume kwa mali ya Bi Khadija kabla ya kupewa utume. Lakini njia ya tatu itokayo katika visima vya mafuta ni kama ukarimu wa mtu aliyeokota gunia njiani: hugawa kwa mikono miwili, na hujui angefanyaje kama angelima mwenyewe. Kwetu ilifika kwa sura ya benki, na kwa sura ya msikiti wa Old Kampala, ulioanzwa wakati wa Amin ukaja kukamilishwa kwa fedha za Libya zaidi ya miaka 30 baadaye, na mwaka 1979 kwa sura ya vijana wa Kilibya walioletwa kufa katika vita wasivyovijua.

Na jeshi walilolikuta mbele yao lilitoka katika nchi ya ujamaa, yaani Tanzania. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyeacha misa, alikwisha kuandika mwaka 1962 kwamba ujamaa kwanza ni hali ya nafsi, akaukataa unyonyaji wa mabepari na akaikataa pia imani ya kuwa ni lazima matabaka yapigane. Na katika wote waliotafuta njia ya tatu upande huu wa Afrika, yeye ndiye ninayemstahi kuliko wote, kwa kuwa Azimio lake la Arusha la Februari 1967 lilikitazama kitako: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili. Taksiri ilikuja baadaye, baina ya 1973 na 1976, watu walipohamishiwa vijijini kwa amri na pengine kwa malori, maana hali ya nafsi haipakiwi katika lori. Mwanzoni mwa Juni 1979 wanajeshi wa Tanzania walifika mpakani mwa Sudan, na kwa hivyo twaweza kusema kwamba ujamaa nao ulipita Koboko, juu ya kifaru, ukisema Kiswahili. Ila wengi wa wale ambao wangeweza kuujibu kwa lugha hiyo walikuwa wamekwisha kukimbilia Sudan na Zaire.

Nimewapitisha mbio katika nyumba za wageni. Sasa nataka tukae kidogo nyumbani. Bwana mmoja Mwingereza, John Middleton, aliishi miongoni mwa Walugbara baina ya 1949 na 1952, na kitabu chake juu ya dini yao kikatoka mwaka 1960. Katika mambo aliyoyaeleza liko neno moja ambalo wazee wangali wakilitumia, nalo ni ole. Ole ni ile hali imshikayo mtu anapomwona jamaa yake anakula kinono peke yake, au anapomwona kijana aliyefanikiwa akawasahau waliomlea. Mzee wa ukoo aliyeshikwa na ole kwa haki hakupiga kelele wala hakwenda mahakamani. Alikaa karibu na madhabahu ya wahenga, akaliwaza kosa lile moyoni, na wahenga wakamsikia, na ugonjwa ukamfika mkosaji. Ndipo ramli ikaulizwa, sababu ikajulikana, mnyama akachinjwa, na nyama ikagawiwa mlango kwa mlango, hata yule aliyekula peke yake akajikuta amelisha ukoo mzima.

Hilo ni zuri, na wapenda mila hupenda kuishia hapo. Lakini neno lile lile ole ndilo linalomtaja mchawi, aitwaye oleu, yaani mwenye ole, mtu aonaye sahani ya mwenziwe akaungua kwa husuda. Wazee wale walijua, pasipo kwenda chuo, kwamba ghadhabu ya haki juu ya bahili na husuda ya mtu muovu huvaa kanzu moja, na jicho la mpita njia haliwezi kuzitenga. Na ndiyo maana mzee aliyezidisha kuwaita wahenga juu ya vijana wake hatimaye alinong'onwa kwamba mchawi ni yeye. Tajiri wa leo akisikia madai ya maskini husema, hiyo ni husuda tu. Mfuasi wa Marx akiyasikia husema, hiyo ni haki tupu. Walugbara walisema ni ole, kisha wakamtaka mdai naye apimwe. Katika yote niliyopata kuyasoma juu ya matajiri na maskini, sijaona neno lenye insafu kuliko hilo.

Upungufu wa mila ile ni kwamba ilikoma mpakani mwa ukoo. Mgeni aliyedhulumiwa hakuwa na mhenga wa kumsemea, na soko, ndugu zangu, ni mahali pa wageni.

Kwa hivyo twendeni Koboko, kilomita hamsini na ushei kwa barabara ya lami iendayo hata Oraba; Koboko ni mji ambao nchi tatu hukutana nyuma ya mgongo wake, na ambao wabadilishaji wa fedha hukaa na shilingi yetu, na pauni ya Sudan Kusini, na faranga ya Kongo, na dola juu ya zote kama sultani. Biashara hiyo ina mlango wake katika sheria ya Kiislamu, nao huitwa sarfu, na kanuni yake ni fupi: fedha ya namna moja kwa fedha ya namna nyingine yaweza kuuzwa kwa bei yoyote mkubalianayo, walakini iwe mkono kwa mkono, mahali pale pale, pasiwe na nusu ya sasa na nusu ya kesho. Nimemwona mzee mmoja Mnubi akimkatalia mteja aliyetaka kuacha dola zake achukue pauni baada ya wiki; alimwambia akae chini angoje, akatuma kijana kwenda kutafuta noti, na mteja akangoja saa nzima akinung'unika. Msomi atauliza hekima ya ugumu huo iko wapi. Ataijua aliyekuwa Koboko tangu Desemba 2015, pauni ile ilipoachwa ielee yenyewe ikazama: aliyeahidiwa pauni leo akalipwa baada ya mwezi alipewa kopo ambalo kitako chake kilipanda usiku akiwa amelala, na hapana aliyeshika nyundo.

Na zaka nayo, ambayo wengi wetu huikosea. Mkulima aliyelima kwa mvua, kama sisi tulio wengi huku, hutoa sehemu moja katika kumi ya nafaka yake ikiwa imefika kiwango. Aliyemwagilia kwa kazi yake mwenyewe hutoa sehemu moja katika ishirini. Na mwenye fedha iliyokaa mwaka mzima hutoa moja katika arobaini. Tazameni mpango huo ulivyopimwa: fungu la maskini hupungua kadiri jasho la mkulima linavyozidi, na huongezeka kadiri fungu la mbingu lilivyokuwa kubwa. Simjui waziri wa fedha aliyepata kuandika bajeti kwa hesabu hiyo. Lakini kosa nisemalo ni kuiona zaka kuwa ni nyongeza, hisani ya tajiri, kitu cha kutolewa mbele ya kamera katika mwezi wa Ramadhani. Zaka ni kitako. Fukara ni mshirika mwenye fungu lake ndani ya gunia, na aliyemnyima hakukosa ukarimu, amekula mali ya watu. Nyongeza ni ile ijayo baada ya hapo, ni sadaka na wakfu na kumsamehe mdeni aliyekwama, na wanavyuoni wa zamani waliyapa mambo hayo majina mawili wasiyachanganye, uadilifu na ihsani, na uadilifu wakautanguliza.

Ndugu zangu Wakristo wanayo yao. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya wafanya kazi, alifundisha kwamba ujira wa kumtosha mfanya kazi ni haki kabla ya kuwa mapatano, yaani mwajiri hana ruhusa ya kupunja mshahara kisha akatoa sadaka kanisani siku ya Jumapili. Na wazee wetu wa Mvara wakumbuka habari za wale walokole wa uamsho, ambao mtu akiokoka kazi yake ya kwanza ilikuwa kurudisha jembe aliloliiba miaka kumi nyuma, kwa mkono wake, mchana, watu wakitazama. Uamsho ule ulikuwa na mengi ya kuchosha, hasa matarumbeta ya usiku. Lakini jembe lilirudi kwanza, na wimbo ukafuata.

Je, mambo haya yaweza kukua yakafika ukubwa wa benki na wa serikali? Hapa tashwishi yangu ni kubwa kuliko elimu yangu. Sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, na leseni ya kwanza ikatolewa mwaka 2023. Nilifurahi kama wengine, lakini biashara inayopendwa zaidi na mabenki ya namna hiyo ulimwenguni ni murabaha, ambayo benki hununua kitu kisha ikakuuzia kwa bei ya juu ulipe pole pole, na ile mudharaba, ambayo benki ingekula hasara pamoja nawe mvua isiponyesha, huwa ni nadra kama theluji. Murabaha ni halali, sisemi vingine. Nasema tu kwamba nami hulipindua kopo hilo mara mbili.

Vile vikundi vya akiba vya akina mama vijijini vina jambo la kutufundisha kuliko mabenki. Wana sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu, na mara nyingi mkutano hufunguliwa kwa sala. Wanamtegemea Mungu na wanategemea kufuli tatu, wala hawaoni aibu kwa moja wala kwa jingine. Ndani ya sanduku mna mifuko miwili, wa mikopo na wa dharura, na huo wa pili ni wa msiba na ugonjwa, hauna riba. Ule wa kwanza unayo, na kwa mwezi si ndogo, ila mwisho wa mwaka faida hurudi kwa wenyewe walioilipa. Kama hiyo ni riba au si riba nawaachia masheikhe. Ninachokiona ni kwamba mwanamke mmoja hawezi kukigonga kitako cha sanduku lile bila ya wenziwe wawili kusikia.

Nataka kutaja na ardhi, kisha ninyamaze. Agosti 2016, baada ya vita vya Sudan Kusini kuripuka upya, kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya 250,000. Ardhi waliyowekwa haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya koo za Waaringa, nayo ilitolewa kwa majadiliano na wazee, bila ya kuuzwa, kila nyumba ikapata kiwanja cha kujengea na kupanda mboga. Wako wasemao kwamba wazee walitoa kwa tamaa ya shule, zahanati na visima vitakavyofuata wageni, na ni kweli walivitaka, na pale vilipochelewa walikasirika wakasema. Lakini wazee wale wale walilala nje huko Yei na Kajo Keji baada ya 1979, wakalima mashamba ya watu wengine, na siku walipoulizwa kama ardhi yao itatosha, hawakuwa wakiulizwa habari ya mfumo. Lililojibu ni ole, lililojibu ni deni, yaliyojibu ni matumaini ya kisima. Kama yule mama wa ufuta, walizo sababu tatu kwa pumzi moja. Kuni zimepungua tangu hapo, na ugomvi juu ya miti ni wa kila wiki.

Juma lililopita nilikwenda kununua ufuta kwa mama ambaye sikupata kununua kwake. Nikalishika kopo lake kana kwamba naitazama rangi yake, nikapitisha kidole chini. Akaniona. "Lipindue kabisa, mwalimu," akasema, "hata mimi nilinunua kwa mtu." Nikalipindua, kitako kilikuwa bapa kama kiganja. Akanipimia makopo mawili, akayarundika vizuri, akapokea noti yangu na kunipa chenji. Nikasimama na mfuko wazi, nikingoja. Naye alikuwa amekwisha kumgeukia mnunuzi wa nyuma yangu.